Zote Mbili

Miaka kumi na tisa natoboa tiketi
kati ya Samtredia na Tbilisi,
na tangu simu ziingie mifukoni mwa watu
nimekuwa mlezi wa nusu-nusu.
Hunionyesha upande wa ndani wa nguo,
wenye mshono, wenye nyuzi zinazoning'inia;
upande wa nje anauona mtu mwingine
mahali nisipopajua.

"Usimpe ufunguo."
"Si huyo, yule mwenye meno."
"Basi mzikeni na viatu."
Hiyo ya viatu niliisikia mwaka wa theluji kubwa,
kwa mzee mmoja wa Zestaponi, kofia ya manyoya magotini.
Hadi leo sijui kama aliyezikwa alikuwa mtu.

Mke wangu Tsiala anakubali kwamba sikio halina kope.
Lakini lina mlango, anasema,
na wewe wako umeuwekea tofali usijifunge.
Sibishi. Nikifika nyumbani namwaga mezani
nilichookota njiani, na supu inapoa tukigombana:
huyo mwenye meno, ni mbwa au ni daktari?

Jumanne ile behewa la tatu lilinukia machenza.
Dirishani alikaa mwanamke wa makamo,
koti la kijani, kifungo kimoja si ndugu wa vingine,
simu kaibana kwa bega
huku mikono ikimenya chenza bila kula.

"Hapana, Lamara. Mama asijue."
Kimya. Ganda likadondoka.
"Mbili.
Nimesema zote mbili."
Kimya kirefu, cha mtu anayesomewa makosa yake.
"Ulitaka nifanyeje? Niambie. Wewe ungefanyaje?"

Nikasimama na koleo langu la kutobolea
nikipekua kichwani: nyumba? figo?
pete, yake na ya marehemu?
Tiketi yake ilikuwa imetobolewa tayari.
Nikaitoboa tena.

Ndipo handaki.
Mlima wa Surami humeza treni taratibu, kama mgonjwa na kidonge.
Siku hiyo taa zilikataa kuwaka,
na mtandao ulikuwa umekufa kabla ya taa.
Yeye gizani akaendelea:
"Lamara? Ungefanyaje?"
Chuma kikapiga chuma.
"Nijibu, basi."

Na sauti ikasema, ya chini, isiyo na haraka:
"Hukuwa na njia nyingine."

Naapa sikuituma. Ilitoka
kama kikohozi kinavyomtoka mtu kanisani.

Mwanga uliporudi kila mtu alikuwa anatazama dirisha,
hata waliokaa mbali na dirisha.
Simu yake ikalia.
"Ndiyo, ilikatika. Lakini nimekusikia,
ile ya mwisho nimeisikia. Asante."
Kimya.
"Kwamba sikuwa na njia nyingine."
Kimya.
"Hukusema?"

Nikageuka nikaukagua mlango wa choo,
juu hadi chini,
kana kwamba nao ulipanda bila nauli.
Nyuma yangu sikusikia neno tena,
ila harufu ya chenza ilizidi: alikuwa ameanza kula.

Khashuri tunasimama kwa urefu wa sigara moja.
Alishuka bila mzigo.
Muuza mikate ya zabibu akamkimbilia na kikapu,
naye akainua vidole viwili,
akavitazama,
akakunja kimoja.
Halafu akageuza uso kuelekea treni,
behewa baada ya behewa, polepole,
kama anayetafuta namba ya nyumba.
Nikapuliza filimbi mapema kuliko kanuni inavyoruhusu.

Usiku Tsiala akavuta kiti karibu,
akamega mkate, akaniwekea chumvi.
"Haya, leo umeniletea nini?"
Niliinama kwenye supu. Ilikuwa bado ya moto.
"Hakuna," nikasema. "Mtandao ulikatika."