Hatua Tatu

Treni ya saa kumi na mbili kasorobo, Katowice hadi Gdańsk,
kiti cha dirishani, chai ya limau ndani ya glasi,
na begi lile lile, gurudumu lake moja likilia kama paka.

Miaka ishirini na tisa nimeingia viwandani mwa watu
na saa ya kuhesabia nukta na kalamu mbili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
ndivyo mikataba yangu ilivyosema, kwa maneno marefu zaidi.

Wenyeji wengine walipona.
Kule Toruń, kwenye kiwanda cha biskuti,
tanuri lilingoja unga, unga ukamngoja mwenye ufunguo,
na mwenye ufunguo alikuwa uani anavuta sigara.
Nilishauri wachonge ufunguo wa pili.
Wakanilipa pesa ya kununua gari.

Kisha Wałbrzych, kiwanda cha vikombe vya kaure.
Niliandika: asilimia kumi na nane.
Pale ukutani ilionekana ndogo,
kipande chembamba cha duara, rangi ya chungwa.
Bodi ikatikisa vichwa. Mtu akaomba sukari.
Asilimia kumi na nane walikuwa watu sitini na wawili,
na mmoja wao, Bogna, mchoraji wa maua ya buluu,
alinifuata mpaka kituo cha basi.
Hakunitukana.
Alinipa kikombe kisicho na mkono, akauliza,
"Na hiki ulikihesabu?"

Ninaweka humo pini za karatasi.

Makabrasha yangu yamelala madrooni nchi nzima,
kurasa mia mbili, mia tatu, chati juu ya chati.
Moja nililikuta baada ya miaka sita
limewekwa chini ya mguu mfupi wa printa.
Nikafurahi, kusema kweli.
Angalau hilo lilikuwa kazini.

Lakini Gdańsk, chumba cha kufulia cha hospitali:
siku tatu nimesimama kwenye mvuke, wino ukitambaa,
nikimtazama Ludmiła na mashuka yake ya moto
kutoka mashine mpaka meza ya kukunjia.
Hatua kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi,
tangu alfajiri mpaka miguu ivimbe.
Nikauliza, kwa nini meza iko kule?
Wakatazamana.
"Palikuwa na dirisha," mmoja akasema,
"kabla halijazibwa kwa matofali."

Tukaisukuma, wanawake wanne na mimi,
viatu vyangu vya kuvaa mbele ya bodi vikiteleza kwenye povu.
Zikabaki hatua tatu.
Ripoti ikawa ukurasa mmoja.
Mkurugenzi aliugeuza nyuma kutafuta zingine,
na hundi ilipokuja ilikuwa nusu.

Leo siendi kupima kitu.
Ludmiła anastaafu, kaniandikia kadi:
meza ipo palepale, njoo, keki tutaikatia juu yake.
Hakuna aliyewahi kuniandikia kutoka Toruń.
Kutoka Wałbrzych sikutarajia.

Nje, theluji juu ya mashamba ya kabichi.
Treni imesimama mahali pasipo na kituo.
Dakika ya tisa sasa, au ya kumi,
na mkono wangu unapapasa mfuko
ambao asubuhi hii niliuacha mtupu kwa makusudi.