Siku Niliyompeleka Mzee Torquil Peru

Kila asubuhi, uji wa shayiri haujapoa,
ananiuliza kama basi la Peru limeshapita.
Jina la mwanawe limemponyoka,
hata la mbwa aliyezikwa nyuma ya banda,
ila Ollantaytambo analitamka lote, silabi kwa silabi,
kama mtu anayehesabu chenji.

Alikwenda mwaka wa sabini na moja,
tarishi wa Kyle, kwa akiba ya miaka minane.
Kichwa kilimgonga kwa kimo cha ile milima;
mama mmoja mwenye kofia akampa majani atafune.
"Mdomo ulikufa ganzi," husema, "miguu ikafufuka."
Nimeisikia mara nyingi kuliko utabiri wa hewa.

Ofisi inatulipa kwa robo saa.
Robo ya kumwogesha, robo ya dawa.
Hakuna robo iliyoandikwa Peru.

Basi Jumapili moja ya Mei, siku yangu ya mapumziko,
nikamvika koti, nikamfunga mkanda,
gari la mpwa wake likapanda Ratagan kwa gia ya pili,
likikohoa kona kwa kona.
Chini, mkono wa bahari umetulia kama bati jipya.
Nikasema: "Tunaipanda Andes, mzee."
Akanyamaza. Nikajiona mjanja.

Glenelg. Bonde, kondoo, mto mdogo wenye haraka,
na mnara wa mawe uliomeguka nusu,
umesimama bila saruji, bila udongo, bila tiketi,
miaka elfu mbili, kibao kinasema.
Rasharasha isiyotaka kuitwa mvua.

Mlango ni mfupi. Tukainama wote wawili, tukaingia.
Juu hamna paa, ni mbingu tu, ya kijivu.
Akapapasa ukuta kama anayetafuta swichi.

"Nasieku," akasema,
yeye aniitaye Nancy mwezi wa kumi na nne sasa,
"hapa ni Glenelg.
Nilikuwa naleta barua nyumba ile pale.
Unanidanganya kama mtoto."

Uso ukanishuka.
Ukuta ule ni wa pande mbili, katikati mna ngazi;
nilitamani nijifiche humo.
Lakini yeye akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Kule jiwe limelikalia jiwe, hata wembe haupiti.
Nilijaribu kwa kisu changu cha bahasha.
Hapa wameacha nyufa. Waliujua upepo wa kwetu:
ukiuzuia unakuangusha,
ukiupa njia unakwenda zake."

Nikatia vidole kwenye ufa. Baridi. Kuvu.
Vidole vikakumbuka kabla yangu:
Engaruka, chini ya ukingo wa bonde,
kuta za mawe makavu zikipanda mlima ngazi kwa ngazi,
mifereji isiyojua tena maji,
mbuzi wa baba wakiruka toka tuta hadi tuta,
nasi tumekaa juu yake tukimung'unya ukwaju.
Wageni walikuja na tepu na brashi,
wakayapigia mawe magoti.
Tuliwacheka. Mtu kutoka mbali kote huko
kuja kupima shamba la watu waliohama!
Walihama kwenda wapi, hatukuuliza.

Sikumwambia yote. Nilisema tu, "Hata kwetu yapo."
"Nani aliyajenga?"
"Sijui."
"Hukuyatazama?"
"Niliyakalia."
Akanitazama kama tarishi
aliyepewa barua yenye anwani pungufu.

Tulikula mkate wa jibini ndani ya gari,
vioo vikiota ukungu, kondoo mmoja akituchungulia.
Njia nzima ya kurudi alilala, mdomo wazi.

Jumatatu. Uji haujapoa.
"Nancy, basi la Peru limeshapita?"
"Lilipita jana, mzee."
Akavitazama viatu vyake pale mlangoni,
vina tope hadi kwenye kamba.
"Nilikuwemo?"