Weka, Kisha Useme

Usiku wa tisa sasa. Nyawera, umeme umerudi saa saba
na mimi bado nabishana na namba.
Juu ya bati la ghorofa, kibao kidogo cha kijani
kinapima pumzi ya ziwa: joto, gesi, kina.
Kiini cha mfumo kinamimina vipimo kwenye duara,
programu yangu inavichota upande huu.
Ukurasa mmoja wa kumbukumbu, milango miwili;
yeye anasukuma mkia, mimi nafuata kwa kichwa,
hakuna anayebisha hodi.

Na kila baada ya vipimo elfu kadhaa
mkia unasogea, nanyoosha mkono,
nakuta kipimo cha jana.

Kwenye kompyuta yangu kuukuu kosa halionekani.
Ile ililelewa kwa adabu: kilichotangulia kuandikwa
hutangulia kuonekana.
Kibao cha juu ya bati hakikulelewa hivyo.
Nikiweka mstari wa kuchapisha ili nimnase mwizi,
mwizi anakunja mikono kama mtoto wa kwaya.
Nikiutoa, anaiba.

Bisimwa, mwenye upande wa kiini, ananiandikia:
«Dada, soma msimbo. Kipimo, mstari wa arobaini.
Mkia, mstari wa arobaini na moja.»
Nimesoma. Ni kweli.
Lakini karatasi si barabara.
Prosesa ina haraka zake; ikiona mambo mawili hayajuani
hulitanguliza lililo jepesi.

Nilipaswa kujua.
Mwaka ule wa maporomoko, Cikuru alituma ujumbe mara mbili kutoka Kamituga.
Wa kwanza: Baba anaumwa, tafuta dawa.
Wa pili: Tunamzika Alhamisi.
Mnara ulikuwa umelala siku mbili. Ulipoamka
ulinipa wa pili,
nikalia hadi majirani wakaleta viti;
halafu ukanipa wa kwanza,
nikafuta uso, nikamshukuru Mungu,
nikawarudisha majirani na viti vyao,
nikapanda Kadutu kwenye duka la dawa
nikachukua seramu na sindano sita, kwa deni.
Kila neno lilikuwa kweli.
Hakuna aliyenidanganya.

Mama hakuwahi kugusa kompyuta.
Alikuwa na tanuri la mikate nyuma ya nyumba,
tundu ukutani, ubao, kengele ya baiskeli.
Yeye upande wa moto, mimi upande wa wateja.
Kijana wake wa kazi, Mushagalusa, alikuwa na mikono yenye bidii mno:
wa kulia bado uko na trei,
wa kushoto umeshapiga kengele.
Nami nikapitisha mkono, nikashika mkate wa juzi
uliosahaulika pale, mgumu kama kokoto,
nikamuuzia mke wa mchungaji.
Mama hakupiga kelele. Alimshika Mushagalusa
kifundo cha ule mkono wa kushoto.
«Weka. Achilia. Kisha useme.»
Akaja na upande wangu, unga hadi viwikoni:
«Na wewe. Mkono wako ulikuwa ndani
kabla sikio halijasikia.»

Basi usiku huu nimemwandikia Bisimwa neno moja, pale anaposogeza mkia: achilia.
Na neno moja kwangu, pale ninapousoma: pokea.
La kwake peke yake lisingetosha,
na hilo ndilo lililonila usiku nane.
Si kufuli; hakuna anayelala akimngoja mwenzake.
Ni ahadi tu: ukiuona mkia,
umeshayaona yote yaliyokuja kabla yake.

Kumekucha. Vipimo laki tatu, hakuna cha jana hata kimoja.
Sisemi nimepona; kosa la aina hii linajua kungoja.
Chini, wanawake wa sambaza wanaanza kuita bei,
samaki kwanza kwenye beseni, sauti baadaye.

Zile sindano sita bado ziko kwenye droo.
Hizo sijui niziandikie neno gani, na upande upi.