Alama Tisa

Saa nane usiku, Oulu. Theluji imeziba dirisha la chini.
Irmeli amelala. Chekeche halilali.
Linapokea barua, linaipekua, linaipima:

anwani ngeni, alama mbili;
"upesi" mara tatu, alama tatu;
"usimwambie mama", nne,
maana mwizi naye hupenda siri.

Jumla tisa. Mpaka ni tano.
Ikatupwa jalalani, kati ya bahati nasibu
na vidonge vya kurudisha ujana.

Huku ankara bandia ya umeme,
nembo kifuani, tahajia safi,
ikapita mlangoni ikipigiwa saluti.

Siku ya ishirini na tisa
Irmeli anatafuta risiti ya matairi ya baridi,
anakuta jina aliloacha kulitaja tangu mazishi ya baba:
Tapani.
"Nimelazwa. Simu imeibwa, naandika kwa ya nesi.
Jibu upesi, upesi, upesi."

Juu yake, kwa rangi nyekundu: Hatari. Usijibu.

Anacheka kidogo, bila sauti.
Miaka kumi na mmoja, bila mashine yoyote,
amekuwa akimpa kaka yake alama hizo hizo.

Jalala linafutwa kesho.
Kidole kiko juu ya kitufe: Si taka.