Punje Saba

Paterson, ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi.
Februari imeganda dirishani kama ukurutu.
Kazi yangu ni kuingiza tarakimu.
Kazi ya Saturnina Ccori ni kulivusha swali
mpaka Kikechua bila kulivunja miguu;
limeshapitia Kihispania, limefika limechoka.

"Nimeridhika na maisha yangu."
Moja: sikubali kabisa. Saba: nakubali kabisa.
Amelishika tangu asubuhi, analigeuza
kama mtu anayekagua kiazi kilichoanza kuchipua.
"Maisha ya nani?" anauliza.
Kwao "sisi" ziko mbili:
ñuqanchik, sisi pamoja nawe unayenisikiliza;
ñuqayku, sisi, nawe uko nje ya mlango.
Fomu inataka "mimi". Mimi mkavu,
asiye na shamba wala shemeji.

Daktari Lindqvist anasema, andikeni tu, tutapima baadaye.

Namba wazee walizikataa, tukaleta mahindi.
Punje saba mezani, weka kadiri ya moyo wako.
Mzee Eleuterio, aproni ya unga bado kiunoni
(huoka mikate usiku kucha),
akaweka tano. Akazitazama.
Akasogeza mbili kando ya kikombe:
"Hizi za dada yangu, aliyebaki na kondoo."
Niandike ngapi? Kisanduku hakipokei dada.

Akaulizwa ya mbele, miaka ijayo.
Akaelekeza kidole gumba nyuma ya kisogo,
kwenye mlango, kwenye theluji.
Kijana wa kuhoji akaandika: hakuelewa swali.
Saturnina akafuta, akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka:
ameelewa. Kwao yaliyopita ndiyo yako mbele,
maana yanaonekana.
Yajayo huja kisogoni; nani kayaona?

Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Kwani kwetu nani aliulizwa akapewa nafasi ya kujibu?
Hujambo, na jibu limo ndani ya swali,
limeshonewa kwenye pindo: sijambo.
Mama, simu ya Jumapili, kutoka Korogwe:
"Habari za hapa njema, mwanangu. Njema.
Ila paa limeng'oka. Ila baba yako halali usiku."
Hiyo njema, Daktari, ni namba ngapi?
Si uongo. Ni mkeka: hutandikwa kwanza,
ndipo mgeni akaketi, akasikia msiba.

Saa kumi na moja jioni. Bomba la joto linagonga kama mdai.
Saturnina ameandika sentensi, ameikata, ameiandika tena,
amebakiza neno moja lenye alama ya kuuliza ubavuni.
Ananisukumia punje.
"Na wewe?"
Naziweka zote saba, upesi, kwa mazoea ya adabu.
Anangoja.
Mashine za dobi zinazunguka chini ya nyayo zetu.
Naondoa moja.
Bado anangoja.