Unga wa Kijani

Mvua ya Novemba ilipiga bati usiku kucha,
na asubuhi, kati ya mchicha na lile jiwe
lililotangulia nyumba yetu hapa Bugarika,
vichwa saba vya uyoga: vyeupe, vipana kama visahani,
katikati magamba ya kahawia, kama ukoko.

"Leo hununui dagaa," Lugembe akasema ng'ambo ya michongoma.
"Tumbukiza sarafu sufuriani. Isipogeuka nyeusi, kula."
Sarafu! Hii ya mia mbili,
iliyopita mikono yote ya mwaloni,
imekwisha kuona sumu ngapi na haijabadilika sura.
"Basi tazama, konokono ameutafuna na yu mzima."
Tumbo la konokono si langu.

Mama angeujua kwa kidole.
Kule Misungwi hakuwa aking'oa; alichimba,
akilifuata shina gizani
kama mtu anayevuta uzi kwenye pindo la gauni,
mpaka mzizi mrefu, mpaka mlangoni kwa mchwa.
"Usio na kwao," alisema, "usiniletee."

Nimechimba.
Shina limevimba kidogo chini, likaisha. Udongo mtupu.
Shingoni pete inayopanda na kushuka,
kama pete ya mtu aliyekonda.
Niligeuza kofia: mashavu meupe, meupe kabisa,
na harufu, jamani, harufu ya chakula.

Bwana shamba aliwahi kutuambia,
na katika yote aliyosema siku ile nilishika hilo tu:
usiuulize uso, uulize unga.
Nikakata kofia moja, nikailaza kifudifudi
juu ya karatasi ya daftari la Holo, upande usio na hesabu,
nikafunika bakuli.
Usiku niliamka mara mbili
kama mwenye mgonjwa.

Alfajiri nikafunua.
Mistari myembamba ilikuwa imejichora,
kutoka katikati hadi ukingoni,
na rangi yake kijani.
Si kijani cha mchicha. Kile cha ziwa, kule Kirumba,
siku maji yanapovaa utando
na mbwa anafika, ananusa, anaondoka.

"Mama," Holo akasema, bado ana tongotongo,
"umejiandika wenyewe."

Nikavifukia vyote nyuma ya choo, kina cha mkono,
nikanawa kwa sabuni, nikanawa tena.
Jembe nalo nikaliosha.
Mchana tukala dagaa.

"Vipi, ulinoga?" Lugembe aliuliza.
"Muulize konokono."

Karatasi niliisahau dirishani.
Kufika jioni upepo wa ziwa ulikuwa umeilamba,
mstari huu, mstari ule,
na kile kijani, sikukiona kikitoka,
kilikuwa kimerudi kwenye mchicha.