Nipe Mji

Jalada lina kurasa arubaini na moja
na harufu ya gundi.
Mwombaji: Somoe Bwanaheri, wa Langoni, Lamu,
mtengenezaji wa matandiko ya punda.
Kinachoombwa: hataza
ya njia ya kuunda povu la plastiki kwa tabaka,
laini juu, gumu chini,
tabaka la pili likimiminwa
kabla la kwanza halijafumba matundu yake.

Kampuni ya magodoro ya Mombasa imepinga kwa mstari mmoja:
Hilo ni dhahiri.

Dhahiri kwa nani?
Sheria imenipa mtu wa kumuuliza.
Hana jina, hana mama, hajawahi kuugua.
Ni fundi wa kawaida, wa kufikirika tu,
amesoma kila karatasi ya povu iliyoandikwa duniani
na hajaota ndoto hata moja.
Siku ya tatu ya likizo nilimkalisha barazani kwetu,
nikamwekea kahawa. Ikapoa.
Kila nilichomwonyesha alisema: nilikijua.
Nikamuuliza: ulikijua jana?
Akanyamaza.

Mtego wa kazi hii uko hapo.
Jibu likishatajwa, hakuna asiyelijua.
Mtoto akiambiwa "yai" huona haya
kwamba nyumba isiyo na mlango ilimshinda usiku kucha.

Basi nikalifunika jalada.
Baada ya isha nikatoka na vipande viwili vya sponji,
kimoja cha godoro, kimoja cha ndara.
Kitendawili!
Tega.
Hawa wawili nataka walale pamoja wasiachane,
jasho la punda lisiwatenganishe, wala jua la saa saba.
Dada yangu Batuli: gundi ya viatu.
Mwanawe, Shee: stepla.
Jirani mshona makubadhi: uzi wa nailoni, mara mbili.
Lali, fundi wa lipu, alivibonyeza, akavinusa,
akasema: ukutani, koti la pili
hulipiga la kwanza likiwa bado bichi.
Moyo ukanidunda.
Na hivi, je?
"Hivi si chokaa," akanirudishia. "Nakupa mui."
"Mui gani?"
"Faza."
"Faza sitaki."
"Basi twaa Siyu, na minazi yake."

Usiku nikalifunua tena.
Kuna waraka wa Mjerumani, wa miaka hamsini nyuma:
povu juu ya povu, kwa gundi.
Kuna wa Mjapani: povu moja tu, linamiminwa likiwa moto.
Kampuni imezibana karatasi hizo kwa klipu,
ikasema, tazama, zimeshikana.
Lakini klipu ni ya mwaka huu.

Hata hivyo siwezi kumsahau Lali na koti lake bichi.
Somoe anadai kila povu, kila tabaka, kila moto.
Kumimina kabla halijakauka?
Fundi wangu asiye na ndoto angejaribu.
Siku ya mvua, kwa uvivu tu, angejaribu.
Dai la kwanza linaanguka.
Naliandika bila furaha.

Lakini dai la nne.
Mwaka mzima tabaka zilimwumukia na kupasuka,
ameyaandika mwenyewe kwa mkono,
vipande mia mbili na sita vya kutupa,
mpaka akanyunyiza katikati utando wa chumvi,
chumvi hii hii ya jikoni,
ikazuia moto wa juu usiyeyushe la chini,
povu likatia mizizi kati ya punje,
kisha akaiosha ikaenda zake.
Chumvi hiyo nimeitafuta katika karatasi zote. Haipo.
Fundi wa barazani nimemuuliza.
Hakuijua jana.

Somoe, nakupa mji.
Si mji mzima. Mtaa mmoja,
vichochoro viwili na kisima,
kwa miaka ishirini,
halafu kila mpita njia ateke.
Ada ya mwaka wa kwanza
ilipwe kabla ya tarehe thelathini.